Mkono wa Zipora na Zamu ya Maji

Kila asubuhi, kabla ya kufanya jambo lingine lolote, Zipora alifunga mkono wake wa kushoto. Alichukua kitenge cha zamani cha mama yake, akakikunja, akashika ncha moja kwa meno na nyingine kwa mkono wa kulia, kisha akakaza fundo na kulizungusha nyuma ya shingo. Ndipo alipowasha moto, akabandika maji ya uji, akachukua ufagio na kutoka uani.

"Hapo umefagia au umekwaruza?" mama yake aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimefagia, mama."

"Kuku wangu wanafagia kuliko wewe."

Zipora aliendelea kufagia. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Mama yake, Magreth, hakuwa mkali hivyo zamani. Lakini sasa alikuwa na kichanga cha wiki tatu, Elibariki. Mumewe, Eliezeri, alifanya kazi kwenye machimbo ya jasi huko chini Makanya, na alipanda nyumbani mara moja tu kwa mwezi. Mtu pekee aliyebaki wa kumsaidia alikuwa huyu binti aliyezunguka uani na mkono mmoja.

Mkono huo ulivunjika mwishoni mwa Februari. Zipora aliteleza kwenye njia ya mteremko akiwa amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe, akaangukia kifundo cha mkono. Alifungwa plasta wiki sita. Ilipofunguliwa, daktari alisema mfupa umeunga vizuri, na kijiji chote cha Mkwaveni kikajua kwamba binti wa Magreth amepona.

Hakupona. Siku tatu baada ya plasta kutolewa, mkono ulianza kuungua kama umemwagiwa uji wa moto. Siku nyingine ulivimba, ukawa na rangi ya zambarau, ukatoka jasho wakati sehemu nyingine za mwili zilikuwa kavu. Siku nyingine ulionekana wa kawaida kabisa, lakini upepo ukipita juu yake Zipora aliuma midomo. Shuka lilimuumiza. Maji ya kuogea yalimuumiza. Alikunywa vidonge vya maumivu alivyopewa zahanati mpaka vikaisha, na moto ukabaki palepale.

"Mfupa umeunga, sasa kinachouma ni nini?" watu waliuliza. Hata Zipora mwenyewe alijiuliza hivyo hivyo.

Kisha ikaja ile Ijumaa ya mwezi wa tano. Aliamka akakuta moto umetulia. Alikunja vidole, vikakunjika. Furaha ilimpanda kichwani, akaenda shule bila kitenge, na wakati wa mapumziko akacheza rede na wasichana wenzake. Alirusha mpira kwa mkono wa kulia na kudaka kwa mikono yote miwili, akapiga kelele za furaha kuliko wote. Sifael, jirani yao aliyesoma naye darasa moja, alikuwa amekaa kwenye ngazi za darasa akimtazama. Jioni ile kila nyumba ilikuwa na habari: mgonjwa wa Magreth anacheza rede.

Kesho yake moto ulirudi, mkali mara mbili ya zamani. Zipora alilia hadi kamasi zikamtoka, na hakuna aliyemwonea huruma. Hapo ndipo alipojifunza somo lisilo sahihi. Alijifunza kwamba watu huamini ugonjwa usiopumzika. Tangu siku hiyo hakufungua kitenge mchana, hata mkono ulipompa nafuu. Kila alipoulizwa alisema unauma, uwe unauma au hauumi. Na siku za nafuu zikaanza kupungua, moja baada ya nyingine.

Asubuhi hiyo ya Juni, shule zikiwa zimefungwa, hakuwa hata amemaliza kufagia aliposikia baragumu likipigwa juu mlimani. Ilikuwa Jumatano, siku ya msaragambo.

Huko Upareni, msaragambo ni kazi ya pamoja. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu. Kazi ya msimu ule ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo lililojengwa na mababu. Maji ya mfereji hujaa ndani ya ndiva usiku, asubuhi lango hufunguliwa, na maji hushuka mashambani kwa zamu, nyumba moja baada ya nyingine. Nyumba iliyokosa msaragambo mara tatu ilipoteza zamu yake kwa msimu mzima. Mgonjwa alisamehewa. Mzazi mwenye kichanga pia alisamehewa, lakini kama nyumba ilikuwa na mtu mwingine mwenye miaka kumi na miwili au zaidi, huyo alitakiwa aje.

Nyumba ya Magreth ilikuwa imekosa mara mbili. Zipora alikwenda siku zote mbili, lakini alikaa juu ya jiwe, na kukaa juu ya jiwe kulihesabiwa kuwa hakuja.

"Nenda," mama alisema. "Leo ni ya tatu. Mvua imekatika mapema na mahindi yako kwenye mbelewele. Yakikosa maji wiki hizi mbili, tutavuna mabua."

"Nitafanya nini na mkono huu, mama?"

"Sijui. Fanya chochote. Tukilala njaa, mkono wako hautapona kwa hilo."

Zipora alipofika ndiva, watu zaidi ya thelathini walikuwa tayari ndani ya tope, majembe na makarai mikononi.

"Jamani, mgonjwa wa rede kafika!" Sifael alipaza sauti. "Leo unauma upande gani, wa kurusha au wa kudaka?"

Watu wakacheka. Mama Sifael alicheka kuliko wote. Shamba lake lilikuwa chini ya shamba la kina Zipora, na zamu ikifutwa, maji yangeteremkia kwake.

Mzee Melkizedeki, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, alikuwa akipima tope kwa fimbo. Kila nyumba ilipewa hatua nne za kuzoa. Alikuwa mzee mkavu, asiyetabasamu hata harusini.

"Shikamoo, babu," Zipora alisema.

"Marahaba. Hatua zenu hizi hapa. Chukua karai."

"Mkono unauma, babu."

Mzee alisimamisha fimbo. Watu wakaacha kuzoa ili wasikie.

"Unauma kila siku?"

"Kila siku."

"Kila saa?"

"Kila saa."

"Hakuna hata siku moja ya nafuu?"

Zipora aliziona zile nyuso. Aliwaza: nikisema ipo, wataniambia basi leo ndiyo iwe hiyo siku.

"Hakuna," alisema.

"Na rede ulicheza na mkono wa nani?"

"Sikucheza."

Hata wanawake wawili waliokuwa wakimtazama kwa huruma waligeuza macho.

"Hebu lete huo mkono tuone," Mama Sifael alisema. Alitoka kwenye tope, na kabla Zipora hajarudi nyuma, akakichomoa kiganja chake kwenye kitenge na kukibana.

Zipora alipiga yowe lililoamsha kunguru kwenye miti. Akaanguka kwenye ukingo wa ndiva.

"Uuuh! Huyu apelekwe kwenye tamthilia," mtu mmoja alisema.

"Nimemgusa tu!" Mama Sifael alijitetea. "Jamani, si mmeona? Nimemgusa tu."

Mzee Melkizedeki alimtazama Zipora pale chini. "Mkono wako mimi siujui," alisema polepole. "Ungeniacha na mashaka, ningenyamaza. Lakini mjukuu wangu alicheza rede na wewe siku ile. Umenidanganya kwa jambo ninalolijua. Nitakuaminije kwa jambo nisilolijua?" Akafungua daftari la kamati. "Nyumba ya Eliezeri, mara tatu. Zamu yao anachukua aliye chini yao."

Mama Sifael alirudi kwenye tope akiimba.

Nyumbani, Magreth aliisikia habari kabla Zipora hajafika. Aliwatukana kina Sifael kwa Kipare, akaitukana kamati, kisha akamgeukia binti yake.

"Ulicheza au hukucheza?"

Zipora alitazama chini.

"Nimekuuliza!"

"Nilicheza siku moja. Siku ile haukuuma, mama. Naapa haukuuma."

"Na kwa nini hukuwaambia hivyo?"

"Wasingeniamini."

"Na sasa wamekuamini?" Magreth alichukua simu akampigia mumewe.

Eliezeri alifika kesho yake mchana, vumbi jeupe la jasi likiwa bado limekaa kwenye nyusi. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili na msimamizi alimpa kwa kununa. Hakumsalimia mtu vizuri.

"Kesho mapema tunakwenda hospitali, Same mjini," alimwambia Zipora. "Daktari akisema mkono ni mzima, utazoa hiyo ndiva peke yako, na mimi nitasimama pale nikikuhesabia."

Pale Same, Zipora alipigwa eksirei. Daktari aliishika picha kwenye mwanga wa dirisha na kusema mfupa uko sawa. Eliezeri akavuta pumzi kwa hasira, lakini daktari akaendelea: "Mfupa ndio uko sawa. Sijasema mkono uko sawa. Nendeni chumba cha mazoezi ya viungo."

Aliyekuwa katika chumba hicho alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya haraka, aliyejitambulisha kwa jina la Faustina. Alimwambia Zipora aweke mikono yote miwili juu ya meza. Aliitazama kwa muda mrefu bila kuigusa. Mkono wa kushoto ulikuwa mwembamba, na ngozi yake iling'aa kama imepakwa mafuta.

"Naweza kukugusa?" aliuliza.

Zipora alishtuka. Tangu plasta itolewe, hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Akaitikia kwa kichwa.

Faustina alichukua kipande cha pamba, akaanzia begani, akashuka taratibu. Pamba ilipopita nusu ya mkono, Zipora aliruka kwenye kiti.

"Pamba!" Eliezeri aliguna. "Sasa hata pamba?"

"Baba, pamba inamwunguza kweli," Faustina alisema bila kumtazama. "Mwili una mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo. Mtu akivunjika, mishipa inapiga kelele ili mkono uachwe upone. Mfupa ukiunga, inatakiwa inyamaze. Kwa watu wachache hainyamazi. Mkono umepona, lakini mishipa inaendelea kupiga kelele, na kila kinachogusa, hata upepo, kinageuzwa moto. Huu ni ugonjwa. Si uvivu, si kurogwa, wala si maigizo."

Eliezeri alivuta kiti, akaketi karibu na meza.

"Sasa, Zipora," Faustina akaendelea, "niambie siku zako za nafuu. Huwa ngapi kwa wiki?"

Zipora alimtazama baba yake. "Hakuna."

"Hata saa moja?"

"Hakuna."

Faustina alifunga daftari lake. "Basi sina la kufanya leo."

"Una maana gani?" Eliezeri aliuliza.

"Kazi yangu inaanzia pale mgonjwa anapoweza. Akiweza kushika kijiko siku ya nafuu, tunaanza na kijiko. Akiweza dakika mbili, tunaanza na dakika mbili. Kama hakuna anachoweza, sina pa kuanzia."

Zipora alilitazama lile daftari. Alikuwa amedanganya ili aaminiwe, na sasa mtu wa kwanza kumwamini alikuwa anafunga daftari.

"Zipo," alisema, machozi yakimtoka. "Zilikuwepo nyingi, sasa zimebaki chache. Nilicheza rede, wakasema sina ugonjwa. Ndiyo maana naufunga kila siku, hata usipouma. Nikiufungua watasema nimepona. Nikisema unauma siku moja na siku nyingine hauumi, nani ataelewa?"

"Mimi nimeelewa," Faustina alisema. "Hivi ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Unakwenda na kurudi. Ila hicho kitenge ndicho kinachokumaliza. Mkono usiotumika unakauka, viungo vinakaza, na mishipa inazidi kupiga kelele. Umeuficha ili watu wauone ugonjwa, na ugonjwa umekua humo humo."

Alimpa kazi za kufanya nyumbani. Kila siku apitishe pamba mkononi, kisha kitambaa laini, kisha kitambaa kigumu kidogo. Atumbukize mkono kwenye beseni la maharage makavu na kuyachezea. Aweke kioo mezani, mkono mgonjwa ukae nyuma yake na mzima mbele, halafu akunje na kukunjua mikono yote miwili huku akitazama kwenye kioo, ili ubongo uone mkono wa kushoto ukicheza bila maumivu. Afanye kazi kwa vipindi, apumzike kabla moto haujawaka. Daktari naye aliongeza vidonge vya kutuliza mishipa ya fahamu. "Na uandike kila siku," Faustina alisema, "mkono umefanya nini na umeuma kiasi gani. Andika ukweli. Daftari likidanganya, hata mimi nitakosea."

Eliezeri alikohoa. "Tunaomba barua ya kupeleka kwa kamati ya ndiva. Wewe andika kwamba hawezi kazi kabisa. Mgonjwa anasamehewa, tutarudishiwa maji, basi yaishe."

Faustina alimgeukia Zipora. "Huwezi kazi kabisa?"

Zipora aliyafikiria mahindi yao. Neno moja tu, na yangepata maji. Kisha akautazama ule mkono uliong'aa.

"Naweza kidogo," alisema kwa sauti ndogo.

Faustina aliandika: mgonjwa ana maumivu ya muda mrefu ya mishipa ya fahamu, anaweza kazi nyepesi kwa vipindi, kiasi kitabadilika siku hadi siku.

Walipotoka nje, Eliezeri aliipiga ile barua kwa kidole. "Umeona ulichofanya? Wale watasoma neno 'anaweza', watafunga macho hapo hapo." Alipofika Makanya alishuka garini kurudi kazini, akamwacha Zipora ndani ya gari apande mlima peke yake na barua mkononi. Lakini kabla gari halijaondoka, alirudi dirishani. "Kioo kile cha ukutani," alisema. "Mwambie mama yako akitungue."

Siku nne zilizofuata zilikuwa ngumu. Beseni la maharage lilimtoa machozi. Mbele ya kioo alijiona mjinga. Magreth alipita mara ya kwanza akasonya, mara ya pili alisimama, mara ya tatu alikaa na kichanga mapajani, akasema, "Polepole. Hukimbizwi." Jumanne jioni Zipora aliandika kwenye daftari: nimechambua maharage ya makande kwa mikono yote miwili, dakika tano, umeuma wastani.

Jumatano baragumu lilipolia, alipanda ndiva bila kitenge.

"Kapona!" Sifael alipiga kelele. "Zamu imefutwa, mkono umepona. Huo ndio muujiza!"

Zipora alimpa Mzee Melkizedeki barua. Mzee aliisoma kwa sauti ili wote wasikie. Alipofika kwenye neno "anaweza", Mama Sifael alipiga makofi.

"Si hilo hapo? Anaweza! Hata hospitali imesema anaweza."

Zipora alimsogelea mzee. "Babu, nilicheza rede," alisema. "Nilikudanganya. Siku ile haukuuma, na niliogopa kusema kwamba kuna siku hauumi."

"Si nilisema mimi?" Sifael aliruka. "Si nilisema?"

"Nyamaza," mzee alimwambia, kisha akamgeukia Zipora. "Na leo?"

"Leo unauma kidogo. Naweza makarai kumi, yasijazwe sana. Mkono wa kulia unabeba, wa kushoto unashika ukingo tu. Halafu napumzika, halafu kumi tena. Jembe siwezi kulishika."

"Na kesho?"

"Kesho sijui. Nitakuambia kesho."

Watu walinong'ona. Mama Sifael alisema zamu imeshatolewa, na maji si nguo ya kuazimana. Mzee alipiga fimbo kwenye tope na kupima hatua mbili badala ya nne. "Tope lake jirani atamlegezea kwa jembe. Kubeba ni juu yake. Asipomaliza hatua hizi kabla hatujaondoka, barua yake arudi nayo."

Zipora alianza. Kumi, akapumzika. Kumi, akapumzika.

"Umekaa tena?" Sifael alisema akipita na karai lililojaa. "Hata kuku anayetaga hakai hivyo!"

Mara ya tatu maneno yale yalimwingia. Alipofika kumi hakusimama. Alibeba la kumi na moja, la kumi na mbili, akafika kumi na saba. Moto ukawaka. Karai lilimponyoka, tope likamwagika miguuni. Kiganja kilivimba machoni pa watu, kikageuka zambarau, jasho likatiririka vidoleni. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu alishika mdomo.

"Nimekosea," Zipora alisema huku akihema. "Nimepitiliza. Nilitakiwa kusimama kwenye kumi."

Alikaa chini, akaufanyisha mkono mazoezi aliyofundishwa, taratibu, akikunja na kukunjua. Hakulia. Alipoinuka, alibeba matano tu, akapumzika. Wengine walimaliza, wakaosha majembe, wakakaa ukingoni. Hawakukaa kwa wema. Walikaa waone kama atashindwa. Sifael, njaa ikimuuma, alinyanyuka. "Lete hilo karai nimalizie, twende nyumbani."

"Kaa chini," Mzee Melkizedeki alisema. "Ni hatua zake."

Jua lilikuwa limeegemea magharibi Zipora alipomwaga karai la mwisho. Mzee alishuka ndani, akapima kwa fimbo. Hatua mbili kamili.

"Amefanya nusu," alisema akiandika. "Nyumba ya Eliezeri inarudishiwa nusu zamu. Nusu nyingine inabaki kwa Mama Sifael, mpaka tuone."

Mama Sifael aliondoka bila kuaga. Ijumaa asubuhi maji yalishuka. Hayakutosha shamba zima, lakini Magreth aliyaongoza kwenye mistari iliyochanua zaidi, akaondoka pale miguu imelowa hadi magotini.

Jumatano iliyofuata kazi ilikuwa kuzibua mfereji wa juu. Zipora aliamka na moto mkali, kidole hakikunjiki. Alipanda hivyo hivyo, akasimama mbele ya mwenyekiti.

"Shikamoo, babu. Leo siwezi."

"Marahaba." Mzee alifungua daftari na kuandika: mgonjwa. Hakuuliza zaidi.

"Babu!" Sifael alilalamika. "Wiki iliyopita aliweza! Leo unamwaminije?"

Mzee Melkizedeki alifunga daftari. Aliwatazama wote, akaanza na Mama Sifael.

"Nisikilizeni, maana sitarudia. Maumivu ya mtu hayapimwi kwa fimbo hii. Tunayajua kwa kinywa cha mwenyewe tu. Binti huyu alipodanganya, alitunyima njia ya kuyajua, na akajinyima tiba. Lakini wiki iliyopita alisema anaweza kiasi gani, akafanya kiasi hicho. Alipokosea, alisema mwenyewe amekosea. Mtu anayeniambia kweli siku anayoweza, nitamwamini siku asiyoweza. Zipora, shikilia hapo hapo, hata wakikucheka. Na sisi watu wazima tulimshika mkono kwa nguvu bila kumwuliza. Mimi nilisimama nikatazama. Hilo lilikuwa kosa letu, na lisitokee tena kwenye ndiva hii, kwake wala kwa mwingine."

Mama Sifael aliinama akaokota jembe lake. Sifael alikwaruza udongo kwa kidole cha mguu.

"Haya, shuka nyumbani," mzee alimwambia Zipora, sauti yake ikiwa kavu kama kawaida. "Lango linafunguliwa leo saa nne, na zamu yenu imerudi nzima. Mwambie mama yako awe shambani, maji hayamsubiri mtu."

Zipora alishuka mteremko kwa haraka kadiri alivyoweza, mkono wa kushoto ukiwa wazi kwenye upepo, ukimuuma.